Disney World na familia kwa mara ya kwanza: panga kwa miguu ya mdogo wenu

Jamani, hii naandika kwa wale ambao watoto wameshaanza kuwasumbua, kila siku mama lini tunaenda Disney, fulani wa darasani kaenda, na wewe unaangalia akaunti, unaangalia kalenda, unasema mwakani inshallah. Sisi tunaishi Charlotte, North Carolina, Disney World ya Florida tumeshaenda mara mbili, na mara ya kwanza tulikosea karibu kila kitu.

Tulipanga bustani 4, yani vile viwanja vikubwa vya michezo vya Disney, kwa siku 4, tangu zinafunguliwa mpaka zinafungwa, kwa hesabu kwamba hela tumeshalipa basi tuile yote. Siku ya pili saa 7 mchana mtoto wetu wa mwisho, alikuwa na miaka 4, akalala chini kwenye lami akagoma kabisa kutembea, bibi yao miguu imevimba, mkubwa analia hataki kuondoka, mimi na baba watoto tunarushiana maneno mbele za watu. Siku ile kiingilio peke yake kilikuwa karibu dola 700 kwa watu 6 na tulipanda michezo 3. Mitatu tu! Usiku nililala nawaza hizi hela nimezitafuta kwa shifti za usiku mwaka mzima.

Mara ya pili tukageuza. Hatukuanza na orodha ya michezo, tulianza na yule mwenye miguu midogo na yule mwenye miguu iliyochoka, wao ndo wakapanga saa ya kutoka, saa ya kulala, nyumba tukae wapi, mpaka bustani ipi iwe siku ipi. Na ndo safari ambayo watoto bado wanaisimulia. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ukiona nakurudisha kwa mtoto na bibi ujue ni makusudi.

Mlioko Ulaya na Uarabuni mambo mengi ni yale yale. Disneyland Paris ni bustani 2 tu kwa hiyo siku 2 au 3 zinatosha, na ile ya Abu Dhabi kule Yas Island imetangazwa tu, bado haijafunguliwa. Mimi naongelea Florida kwa sababu ndo ninakokujua.

Hatua ya 1: jua unaenda wapi

Watu wengi wanadhani Disney World ni sehemu moja yenye geti moja. Hapana. Ni eneo la karibu maili 40 za mraba nje kidogo ya Orlando, ndani yake kuna bustani kubwa 4, kila moja na kiingilio chake, na kutoka moja kwenda nyingine mara nyingi ni gari au basi, sio kutembea. Magic Kingdom ndo ya kwanza, ilifunguliwa Oktoba 1971, ndo ile yenye kasri unaloliona kwenye picha. EPCOT ikaja 1982, Hollywood Studios 1989, Animal Kingdom 1998. Mbali na hizo kuna bustani 2 za maji.

Ukiwa na watoto wa chini ya miaka 7, Magic Kingdom ndo safari yenyewe, wape siku 2 pale kama unaweza. Michezo mingi kule haina sharti la kimo kabisa, mtoto wa miaka 2 anapanda na bibi yake. Hollywood Studios ni ya wakubwa wakubwa, wenye miaka 8 kwenda juu, mdogo atapata vichache. EPCOT ina ile nusu ya nyuma yenye mabanda ya nchi 11 kuzunguka ziwa, kuna Morocco, Japan, Mexico, Norway, ni pazuri kwa watu wazima kutembea na kula ila mtoto wa miaka 4 atachoka vibaya. Animal Kingdom nitairudia chini, ina kitu chetu pale.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza ni siku 3 za bustani ndani ya safari ya siku 5 au 6, na katikati siku moja ya kutofanya chochote, watoto wanaogelea, watu wazima wanalala. Najua inauma kuwa Orlando na usiingie bustanini, ila ile siku moja ndo inayookoa zilizobaki.

Hatua ya 2: tarehe

Bei ya tiketi inabadilika kwa siku, na foleni pia. Ghali na kujaa kuliko zote ni kuanzia Krismasi mpaka mwaka mpya, wiki ya Pasaka, likizo za machipuko za Machi, na wiki ya Thanksgiving. Nafuu ni mwisho wa Agosti na Septemba, shule za Florida zinakuwa zimeshafunguliwa, halafu tena katikati ya Januari mpaka mwanzo wa Februari.

Sasa Septemba ina mtihani wake. Msimu wa vimbunga Florida ni Juni 1 mpaka Novemba 30 na joto linafika nyuzi 33, ila sio joto kavu, ni lile la Dar mwezi wa pili, nguo inaganda mgongoni. Na kiangazi karibu kila mchana inapiga mvua ya radi, ikianza kunguruma michezo yote ya nje inasimamishwa, mnakaa mnasubiri. Kwa hiyo mwenye mzee wa presha au mtoto mchanga asikimbilie bei ya Septemba, Januari ni salama zaidi. Ila Januari asubuhi kunaweza kuwa na baridi kweli, beba masweta, wengi tunadhani Florida ni joto mwaka mzima.

Kama bibi anatoka nyumbani Tanzania au Kenya kuja, tiketi za bustani usinunue kabla viza haijagongwa kwenye pasi. Tiketi hizi zina tarehe na hela hairudi.

Hatua ya 3: hela, tuongee ukweli

Mtoto wa chini ya miaka 3 anaingia bure. Miaka 3 mpaka 9 ni bei ya mtoto, ambayo ni pungufu kidogo tu, usitegemee nusu. Miaka 10 ni mtu mzima. Kwa hiyo kama una mtoto anayetimiza 3 mwezi wa sita na mwingine 10 mwezi wa saba, wahi kabla.

Mwaka 2025 tiketi ya siku moja ilianzia dola 119 Animal Kingdom kwa siku za bei ya chini na kupanda mpaka 199 Magic Kingdom wiki ya Krismasi. Ukinunua ya siku nyingi bei ya kila siku inashuka. Fanya hesabu ya haraka hivi, watu 5 wanaolipa, siku 3, tuseme dola 140 kila moja, hiyo ni 2,100 na kodi juu yake, na hapo hujala, hujalala, hujaegesha gari. Kuegesha tu mwaka 2025 ilikuwa karibu dola 30 kwa siku. Usinunue ile nyongeza ya kuruka bustani zaidi ya moja siku moja, kwa mara ya kwanza na mtoto mdogo hutaitumia, mtamaliza nguvu barabarani.

Sisi tulikusanya kwa upatu. Wanawake 10, dola 300 kila mwezi, mimi nikaomba nipokee mwezi wa kumi, yani dola 3,000 mkononi kwa mkupuo, na hiyo haikuguswa na kitu kingine chochote. Petroli na chakula tukatoa kwenye mshahara. Narudia haikuguswa, kwa sababu ukiiacha kwenye akaunti ya kila siku utasikia mara gari limeharibika mara nyumbani wana msiba, na hela ya safari inakwenda. Hata kama huna upatu fungua akaunti ya pembeni. Kadi ya mkopo kwa safari ya watoto mimi siishauri, riba itakukumbusha mpaka mwaka unaofuata.

Kitu kimoja kinachokula hela bila kuonekana ni maduka. Michezo mingi ukitoka unatokea dukani. Tuliwapa watoto kila mmoja kadi yenye dola 40, ikiisha imeisha, na tukawaambia wasinunue kitu mpaka siku ya mwisho. Wakawa wanashika, wanaangalia bei, wanarudisha wenyewe. Nilishangaa.

Hatua ya 4: pa kulala

Hoteli za Disney zina faida ya kweli, wageni wake wanaingia bustani yoyote dakika 30 kabla ya wengine, wanaegesha bure kwenye bustani, na kuna mabasi. Za bei nafuu ni All-Star, ziko 3, na Pop Century. Pop Century imeungana na EPCOT na Hollywood Studios kwa vile vibehewa vya angani vinavyoning'inia kwenye kamba, watoto wanavipenda kuliko mchezo wenyewe na ni bure.

Ila familia zetu ni kubwa, chumba cha watu 4 hakitutoshi, na sisi tunataka jiko. Kissimmee, jirani kabisa, kumejaa nyumba za kupangisha za vyumba 3 au 4 zenye bwawa dogo nyuma. Ya kwetu ilikuwa dola 180 kwa usiku, ila soma jumla ya mwisho kabla ya kulipa, hela ya usafi na ada nyingine zinaongezwa mwishoni na zinaweza kukushtua. Mara ya kwanza tulichukua nyumba ya bei rahisi iliyokuwa dakika 40 kutoka bustanini, na kwa sababu ya umbali hatukuweza kurudi mchana mtoto alale, ndo lile timbwili la kwenye lami. Ya pili ilikuwa dakika 15. Dola 40 zaidi kwa usiku na ilibadilisha kila kitu. Ukitafuta nyumba angalia kwanza dakika za kwenda na kurudi, bwawa na picha nzuri baadaye.

Hatua ya 5: tiketi, simu na foleni

Nunua tiketi kwenye tovuti ya Disney yenyewe au kwa wakala wanaomtambua, achana na mtu wa mtandaoni anayekuuzia tiketi yenye siku zilizobaki, tiketi haihamishwi kwa mtu mwingine, utazuiwa getini na watoto wako wanaangalia. Halafu pakua programu yao ya simu inaitwa My Disney Experience, ingiza kila mtu jina lake na tiketi yake mkiwa bado nyumbani. Foleni, ramani, kuagiza chakula, vyote viko humo. Beba chaja ya mfukoni, simu inakufa saa 8 mchana.

Kuna huduma ya kulipia kupunguza foleni, Lightning Lane Multi Pass. Unachagua michezo 3 mapema, kila mmoja na saa yake, ukishatumia mmoja unaongeza mwingine. Mgeni wa hoteli ya Disney anaanza kuchagua siku 7 kabla, wengine wote siku 3 kabla, saa 1 asubuhi kwa saa zetu, yani simu ikiandika 7:00, na ni saa za Florida kwa hiyo mlioko Texas au Minnesota simu zenu zitakuwa zinaandika 6:00. Bei inabadilika kila siku, Magic Kingdom mara nyingi inapita dola 25 kwa kichwa. Sisi tulinunua siku moja tu, ya Magic Kingdom, kwingine tukawahi asubuhi, na sijutii. Ile michezo mikubwa kabisa kama TRON, treni ya kasi ya Magic Kingdom, inauzwa peke yake, mmoja mmoja.

Mwenye mtoto mwenye usonji au hali ya namna hiyo ambaye foleni ya kawaida haiwezi, kuna utaratibu unaitwa DAS, unaombwa kabla kwa kuongea nao kwa video, usisubiri mpaka ufike getini.

Hatua ya 6: pima watoto

Chukua futi ya fundi cherehani, msimamishe mtoto ukutani na raba zake, andika. Treni ya vibete 7 Magic Kingdom inataka inchi 38, yani sentimita 97. Tiana's Bayou Adventure inchi 40. Space Mountain 44. TRON 48, ambayo ni sentimita 122. Animal Kingdom, Expedition Everest na Flight of Passage zote 44. Wanapima kweli mlangoni na hawabembelezeki, na wako sahihi. Mwambie mtoto nyumbani, wiki mbili kabla, huu utapanda huu bado, alie nyumbani amalize.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Kama mdogo hajafika kimo, mwambie mfanyakazi wa pale mlangoni mnataka Rider Switch. Mzazi mmoja anabaki na mdogo, mwingine anapanda na wakubwa, wakitoka yule aliyebaki anaingia bila kupanga foleni ile ndefu. Bure kabisa. Mara ya kwanza baba watoto alikaa nje kila mchezo siku 4 kwa sababu tulikuwa hatujui.

Hatua ya 7: siku yenyewe inavyokwenda

Alfajiri nguo zimeshawekwa tangu usiku, chapati na mayai yamefungwa, watu wanakula kwenye gari. Lengo ni kuwa getini dakika 45 kabla ya kufunguliwa. Kwa Magic Kingdom ongeza muda, kwa sababu unapoegesha sio bustanini, unaegesha ng'ambo ya ziwa halafu unapanda treni ya juu au pantoni, bibi yetu alifurahi akasema kumbe tunakwenda Kigamboni. Bila haraka hiyo safari inaweza kula nusu saa nzima.

Masaa 2 ya mwanzo ndo yenye thamani kuliko siku nzima. Hapo usinunue kitu, usipige picha na kasri, nenda moja kwa moja kwenye mchezo wenye foleni ndefu kuliko yote, kisha wa pili. Peter Pan's Flight kwa mfano asubuhi ni dakika chache, mchana watu wanasimama zaidi ya saa.

Ikifika saa 6 na nusu mchana tunatoka. Wote. Hata kama mkubwa ananuna. Jua kali, foleni ndefu, watoto wanaanza kulia kila kona, na sisi tuko kwenye gari tunarudi nyumbani kula wali na kulala. Saa 11 jioni tunarudi na tiketi ile ile, haina shida kuingia tena siku hiyo hiyo, na gari unaegesha tena bila kulipa upya, tunza risiti. Jioni kumepoa, wadogo wa wenzetu wamelala kwenye vigari, wa kwetu wako macho mpaka fataki. Wakubwa kama wawili wanataka kubaki mchana na mzazi mmoja wabaki, ila mdogo na bibi wanarudi, hilo halina mjadala.

Mtoto wa chini ya miaka 6 mbebee kigari hata kama nyumbani alishaacha. Kisizidi inchi 31 upana na 52 urefu, na vile vigari vya kuvuta kama mkokoteni vimekatazwa. Kwa bibi tulikodi kiti cha magurudumu pale pale bustanini. Alikataa kwanza, akasema yeye sio mgonjwa, nikamwambia mama hiki ni cha kubebea mikoba yetu, akakikalia kufika saa 5.

Asubuhi kabla ya kuingia piga picha kila mtoto na nguo alizovaa siku hiyo, na namba yako ya simu iandike mkononi kwake kwa kalamu isiyofutika. Mfundishe akipotea amtafute mtu mwenye beji ya jina. Beji zao zina na mji anakotoka mtu, watoto wetu waliigeuza mchezo wa kutafuta nani katoka mbali zaidi.

Hatua ya 8: chakula

Unaruhusiwa kuingia na chakula chako. Chupa za glasi hapana, pombe hapana, barafu ya kumwaga kwenye mfuko pia hapana, kwa hiyo gandisha chupa za maji usiku ndo ziwe barafu yako. Sambusa, chapati za kukunja, matunda, korosho. Maji ya baridi ya kikombe wanatoa bure kwenye migahawa ya kuagiza kaunta, omba tu, usinunue chupa. Wanaokula halali, kwenye migahawa ya kukaa uliza mpishi kabla na wakati wa kubuku andika, sisi siku nyingi tuliegemea samaki na mboga. Meza za kukaa zinafunguliwa kubukiwa siku 60 kabla, weka kengele kwenye simu. Mlo mmoja wa namna hiyo safari nzima unatosha.

Hatua ya 9: Animal Kingdom msiikose

Kuna kijiji ndani yake kinaitwa Harambe. Wabunifu walisafiri Afrika Mashariki kabla ya kukijenga na ukiingia unaiona Lamu kwenye zile kuta na milango. Baa inaitwa Dawa, kibanda cha vitamu Tamu Tamu, duka Mombasa Marketplace, bisi zinauzwa palipoandikwa Mahindi. Bibi yao, ambaye siku 2 nzima alikuwa anatafsiriwa kila kitu, pale akawa yeye ndo anawasomea wajukuu mabango, tena kwa sauti, na wajukuu ambao Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza wakaanza kumuuliza bibi hiki ni nini, na hiki. Nikakaa pembeni machozi yananitoka.

Kilimanjaro Safaris fanyeni asubuhi mapema, wanyama wanakuwa wanatembea, mchana wanajificha vivulini. Haina sharti la kimo na ni kama dakika 20. Halafu kama hela ipo bukini chakula Sanaa, mgahawa ulio hoteli ya Animal Kingdom Lodge upande wa Kidani Village, sio lazima muwe mmelala pale. Mikate yao na zile chatini zina ladha ya pwani yetu, na dirishani twiga wanapita. Nenda kabla jua halijazama, giza likiingia hutaona kitu.

Kurudi

Msiondoke jioni ya siku ya bustani. Charlotte ni masaa 8 bila foleni, kupitia I-4, I-95, I-26 na I-77, na dereva aliyetembea tangu alfajiri ni hatari. Laleni, muondoke baada ya swala ya alfajiri, mmevuka Jacksonville kabla jua halijawa kali, Savannah mnakula na kubadilishana usukani. Na kazini omba siku moja zaidi ya baada ya kufika, utaihitaji kwa nguo za kufua.